Kamati ya msiba ianze kazi kabla ya masika

Kwetu Kigogo, bondeni Msimbazi, mtu akifariki usiku, kukikucha turubai limeshafungwa. Viti vimepangwa, masufuria ya kikoba yametoka, na mweka hazina ameshika daftari, anaandika kila mchango na jina la mtoaji. Hakuna anayengoja kuambiwa. Lakini watu hawa hawa, maji yakiingia, kila mmoja anahangaika na godoro lake. Mimi nasema kamati tunayo tayari, ila tunaiita tukiwa tumeshachelewa.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu takriban 40 Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tuliobaki tunajua masika ni Machi hadi Mei, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri mapema.

Basi daftari la michango liongezewe kurasa. Nani haoni, nani hawezi kutembea, nani kajifungua juzi, watoto gani hubaki peke yao mama akiwa sokoni. Mbele ya kila jina liandikwe jina la atakayembeba. Tusiandike "vijana watasaidia". Vijana gani? Bibi wa chumba cha uani amjue mtu wake kwa sura, na mtu huyo akisafiri aage, awekwe mwingine.

Jambo la pili ni simu. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo mvua ikipiga huko, maji yanaweza kutukuta huku kwetu pakavu. Tuwe na ndugu wawili watatu wa Pugu na Gongo la Mboto watakaotupigia hata saa nane za usiku. Habari ikifika, msikiti utangaze. Umeme ukiwa umekatika, zipigwe filimbi. Mtu mmoja kila kichochoro apite akihimiza swichi kuu zizimwe kabla maji hayajafikia soketi. Na ufunguo wa shule tutakayokimbilia ujulikane uko kwa nani.

Kuzibua mitaro kila mtu anakujua, sirefushi. Serikali nayo ina wajibu wake wa mto na madaraja, na tuendelee kuidai. Ila maji yakipanda usiku, wa kwanza kugonga mlango wa bibi ni jirani. Naomba mjumbe aliweke hili kwenye kikao cha Februari, na mweka hazina aje na lile daftari.