Hati ya Mnada Haikupi Ruhusa ya Kuvunja Kitasa

Katika makundi yetu ya WhatsApp huku Marekani inazunguka video ya kijana anayewahimiza ndugu zetu wanunue kwenye mnada wa kaunti nyumba za watu walioshindwa kulipa kodi ya majengo, na anayeshauri, bila haya, kwamba ukimkuta mtu ndani ubadilishe kitasa tu. Ati kitasa tu, kana kwamba aliyelala humo ni panya.

Laiti angesoma kesi ya Jones dhidi ya Flowers. Jones alinunua nyumba Little Rock, Arkansas, mwaka 1967, akalipa mkopo kwa miaka 30, na kodi ilikuwa ikilipwa na kampuni ya mkopo. Deni lilipokwisha, kodi nayo ikaacha kulipwa. Wakati huo alikuwa ametengana na mkewe na hakuishi tena pale. Jimbo lilituma barua ya rejesta, ikarudi bila kuchukuliwa. Baadaye likatuma nyingine, nayo ikarudi vilevile, na nyumba iliyokadiriwa kuwa na thamani ya dola 80,000 ikauzwa kwa dola 21,042.15. Jones alipata habari pale tu mnunuzi, Flowers, alipopeleka notisi ya kuwaondoa waliomo, ikapokelewa na binti yake. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 3, kwamba barua ikirudi namna hiyo serikali haina budi kuchukua hatua zaidi inayowezekana kabla ya kuuza.

Fikirini sasa kama binti yule angekuta kitasa kipya mlangoni. Anayekaa ndani huenda si mdaiwa hata kidogo: ni mtalaka, mtoto au mpangaji ambaye barua zile hazikuandikwa kwa jina lake. Nasi tuliojenga Mbezi na Kitengela, barua zetu za kodi ya ardhi hupokelewa na nani?

Nakubali, shingo upande, kwamba mnunuzi ametoa fedha halali na kwamba shule za kaunti huendeshwa kwa kodi hizo. Lakini sheria haijamtupa: Texas, mwenye makazi akitaka kukomboa nyumba yake ndani ya miaka 2, humrudishia mnunuzi fedha zake pamoja na nyongeza ya asilimia 25 mwaka wa kwanza na 50 mwaka wa pili. Asipokomboa na akakataa kutoka, mwenye kumtoa ni afisa aliyebeba amri ya mahakama. Wakili ni ghali, najua. Basi gharama yake iingizwe kwenye hesabu kabla ya kunyoosha mkono mnadani.