Roboti wa Kigoma aanzie mwaloni Kibirizi

Juzi kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa wetu ilizunguka video ya roboti mwenye kichwa, mabega na vidole, anakunja nguo. Maoni yakafuatana: wenzetu wameshafika, sisi wa mwisho wa reli tusahau. Niliudhika sana.

Hebu tazameni sakafu ya ile nyumba. Vigae kila mahali, hakuna kizingiti, hakuna kuku, hakuna ndoo iliyoachwa mlangoni. Nyumba imeandaliwa ili mashine ipite, halafu sisi tunajilaumu kwamba nyumba zetu hazifai! Mashine ndiyo ibuniwe ifuate maisha ya watu.

Roomba, roboti wa kusafisha sakafu, ilipoingia sokoni mwaka 2002 haikuwa na uso. Ilikuwa fupi ipite chini ya kitanda, na ya mviringo igeuke bila kunasa kwenye kona. Imeuzwa kwa mamilioni. Pepper, roboti mwenye umbo la mtu wa kampuni ya Japani ya SoftBank, alitambulishwa 2014 akiwa na macho makubwa na mikono. Wakatengenezwa kama 27,000 tu, na mwaka 2020 uzalishaji ukasimamishwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba sura ina mahali pake. Roboti Paro wa Japani, anayewaliwaza wazee waliopoteza kumbukumbu, ana umbo la mtoto wa sili, mnyama wa bahari za baridi, kwa sababu angekuwa paka wangemlinganisha na paka wanaowajua. Na jirani zetu wa Kinshasa, mwaka 2013, walisimamisha barabarani roboti wa kuongoza magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake: mwili wa alumini, umeme wa sola. Aliyewabuni alilijua jua la kwao na mvua ya kwao.

Sasa njooni Kibirizi, mwalo wetu hapa Kigoma, msimu wa mvua. Dagaa wamevuliwa usiku wa giza, asubuhi mama zetu wamewaanika, wengine kwenye chanja, wengine bado mchangani. Wingu likitanda, kila mtu anakimbia kuanua, na watoto mgongoni. Anayechelewa, dagaa wake wanalowa, mng'aro unapotea, bei inaanguka, na ada ya shule ndiyo hiyo imekwenda na maji.

Mashine ninayoitaka haina kichwa. Imefungwa kwenye chanja, inahisi tone la kwanza, inavuta turubai. Mvua ikikatika inalikunja. Inakula sola, na ikiharibika fundi pikipiki wa Mwanga, hapa hapa mjini, anaifungua kwa spana zake. Inahisi, inaamua, inatenda. Huyo ni roboti kamili.

Ugumu uko kwenye maswali yasiyojibika ofisini. Dagaa wabichi wakifunikwa, wanakaa muda gani kabla ya kuanza kunuka? Mchanga ukiingia kwenye mota? Nani anailipia, mwenye dagaa au mwenye chanja? Na mama akiiona mvua kabla ya mashine, atalivutaje turubai kwa mkono? Hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Yule mama amesoma mawingu ya ziwa hili tangu utotoni, na mashine isiyomwachia nafasi ya kuiamuru inamdharau.

Vijana wetu mnaosoma ufundi VETA, nawaomba mradi unaofuata msiuanzie kwenye kompyuta. Nendeni mwaloni alfajiri, wakati mitumbwi inarudi, mkawaulize wanaoanika. Mama yangu mdogo ana chanja pale, na ameshaniambia atawapa sehemu ya kujaribia.