Nyavu za nanomita na kichocho chetu

Anayenunua wavu wa dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, huangalia kwanza macho yake. Yasipolingana, anaurudisha. Fuwele za kikaboni zenye vinyweleo, yaani vitundu vidogo mno, ambazo mkemia Omar Yaghi na wenzake walizitangaza mwaka 2005, ni nyavu za namna hiyo: molekuli zimefungwa fundo kwa fundo hadi macho yote yanatoshana. Katika mojawapo ya zile za kwanza, jicho lina upana wa nanomita 2.7; nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita.

Dawa inaweza kukaa ndani ya macho hayo. Mwaka 2015 watafiti walipakia humo ibuprofeni, dawa ya maumivu, na kuiona ikitoka polepole. Tangu hapo watafiti wengi wanaitazama saratani, kwa kuwa mafundo ya aina fulani, yaitwayo imini, hulegea penye asidi, na uvimbe wa saratani mara nyingi una asidi kuliko nyama inayouzunguka. Nawaunga mkono kabisa. Aliyewahi kumuuguza mtu hospitali ya Bugando anajua tiba ya saratani inavyouchosha mwili mzima.

Ila sisi wa kando ya Ziwa Viktoria tuna kichocho, ugonjwa wa minyoo inayoingia mwilini kutoka majini, na naona swali letu halijaulizwa kwa sauti ya kutosha. Dawa yake, prazikwanteli, ni kidonge kikubwa, kichungu, kisichoyeyuka vizuri kwenye maji. Mpwa wangu alipimwa kimo kwa fimbo shuleni ili kujua dozi yake, akapewa vidonge vyake, kimoja akakitema. Jioni alikuwa ziwani na ndoo. Na hata angemeza vyote, dawa hiyo hupungua haraka kwenye damu ndani ya saa chache, nayo huua minyoo iliyokomaa tu. Michanga inasalia na kukua. Dawa inayotoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa ingeikuta ikikomaa. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka nyavu hizi zipewe.

Najua tumbo lina asidi kali, na fundo la imini lingefunguka humo kabla ya wakati. Nyavu zenye mafundo ya boroni huharibiwa hata na maji. Lakini mwaka 2012 Rahul Banerjee na wenzake, India, walionyesha aina inayostahimili asidi na maji yanayochemka. Usalama wake mwilini kwa miaka mingi lazima upimwe bila haraka, na bei pia, maana kidonge cha sasa hugawiwa shuleni bure. Kwenye bei nina matumaini: mwaka 2013 kundi hilohilo lilitengeneza fuwele hizo kwa kusaga malighafi kwa kinu na mchi wa maabara, bila kuzipasha moto. Vyuo vyetu vianzie hapo.