Je, estrojeni ndiyo iliyowakinga wanawake?

UVIKO-19 ilipopamba moto mwaka 2020, wodi za wagonjwa mahututi zilijaa wanaume. Uchambuzi wa wagonjwa zaidi ya milioni 3 wa nchi mbalimbali ulionyesha kuwa jinsia zote ziliambukizwa karibu sawa, ila uwezekano wa mwanaume kufika mahututi ulikaribia mara 3 ya ule wa mwanamke. Lawama ikaangukia homoni: ikadaiwa kwamba estrojeni, homoni ya kike, huwakinga wanawake, na testosteroni, homoni ya kiume, huwaponza wanaume. Wapo waliotaka hata wagonjwa wa kiume wadungwe estrojeni.

Wenye hoja hiyo hawabahatishi. Estrojeni huzichochea seli za kinga zitoe interferoni, protini inayopiga mbiu virusi vinapoingia. Testosteroni huelekea kuipoza kinga. Tena testosteroni huamsha TMPRSS2, kimeng'enya kinachovifungulia virusi vya korona mlango wa seli. Huko Veneto, Italia, kati ya wagonjwa 5,273 wa saratani ya tezi dume waliokuwa wakipewa dawa za kushusha testosteroni, walioambukizwa walikuwa 4 tu.

Namba tamu, lakini wanne ni msingi mwembamba. Marekani walipowapa askari wastaafu waliolazwa degarelix, dawa inayozima testosteroni, katika jaribio la watu 96, haikuwasaidia.

Mimi kinachonikwaza zaidi ni bibi zetu. Kama estrojeni ndiyo ngao, mwanamke wa miaka 70, aliyekoma hedhi zamani, angekufa sawa na babu wa rika lake. Haikuwa hivyo. Hapo naona kromosomu X, mojawapo ya kromosomu za jinsia, ikidai haki yake: jeni ya TLR7, inayonusa virusi, iko humo, na mwanamke ana X mbili, mwanaume moja. Uholanzi, mwaka huohuo wa 2020, vijana wanne wa kiume kutoka familia mbili waliugua vibaya. TLR7 yao ilikuwa na hitilafu, na X ya akiba hawakuwa nayo.

Halafu kinga kali ina gharama. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, ni wanawake. Hata kwa VVU, mwanamke mwenye wingi wa virusi sawa na mwanaume huelekea UKIMWI haraka zaidi, kinga yake ikichemka bila kupumzika.

Na mjamzito je? Estrojeni yake iko juu kuliko wakati wowote, lakini mafua ya H1N1 ya mwaka 2009 yaliwaandama wajawazito, na homa ya ini aina ya E huwaua kuliko wengine. Kweli, tumbo hubana mapafu. Lakini ini halibanwi hivyo. Anayetaka kumdunga mgonjwa wa kiume estrojeni anifafanulie hilo kwanza.