Tatizo sio bata peke yake

Kuna mwandishi anasema wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni wanadisko (wanafeli na kuondolewa chuo) kwasababu ya bata, yaani starehe, na simu, kwamba wakishaona uhuru na bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) mkononi wanasahau kilichowapeleka. Wapo wa hivyo sikatai, ila mimi nilikua CR (kiongozi) wa darasa letu na wengi waliopotea ni wale ambao majina yao hayakutoka awamu ya kwanza ya mkopo. Chuo kimefunguliwa, ada hujalipa kwahiyo usajili haujakamilika, hosteli huna unabebwa kwa mshkaji mnalala mzungu wa nne, kutwa upo kwenye simu kweli lakini unaangalia akaunti ya HESLB (bodi ya mikopo) kama awamu inayofuata imetoka, na huku testi ya kwanza inapita hivyohivyo. Vyuo vingi kozi weki (testi na kazi za darasani) ni alama 40 na UE (mtihani wa mwisho) ni 60, ukianza na 9 kwenye hiyo 40 utakesha mpaka basi na sapu (mitihani ya marudio) zitakuhusu tu. Halafu wazee wanatuambia mbona sisi tulisoma, wakati wao kabla ya uchangiaji wa gharama miaka ya 90 serikali iliwalipia mpaka chakula! Kilichotusaidia sisi ni mwaka wa pili kadhaa waliojitolea kukaa na sisi jioni wanatufundisha maswali ya nyuma, bila hata mwalimu kuwatuma. Hivi chuoni kwenu yupo mtu anayemtafuta mwanafunzi akikosa testi ya kwanza, au wanasubiri mpaka matokeo ya mwisho wa mwaka?