Ng'ombe wa gredi na kuta za mawe: nani ampishe mwenzake?

Ukitoka kisiwa cha Mombasa ukashika barabara ya Malindi mpaka ukavuka daraja la Mtwapa, au ukipinda Kisauni kuelekea Mwakirunge, bado utayaona mashamba ambayo hayajamezwa na maploti. Humo mna vitu viwili vinavyozidi kukaribiana. Kimoja ni banda jipya la ng'ombe wa maziwa: nguzo, mabati, sakafu ya saruji, kihori kilichojaa majani ya nepia. Cha pili ni gofu: kipande cha ukuta wa mawe na chokaa, kisima, makaburi mawili matatu, pengine mihirabu ya msikiti ambao jina lake halikumbukwi na mtu.

Wenye ng'ombe husema gofu halikamuliwi. Wenye kupenda historia nao hushtuka kila wanaposikia mawe ya kale yamevunjwa yakawa msingi wa banda. Nimewasikiliza wote, na naona kila upande una haki yake, ila haki hizo hazilingani.

Tuanze na maziwa. Pwani haijitoshelezi, sehemu kubwa ya maziwa tunayotilia chai huteremka kwa malori kutoka bara. Ng'ombe wa kienyeji anavumilia jua na kupe, lakini anachotoa ni kidogo. Wa gredi, yaani mwenye damu ya mbegu za kigeni, anatoa zaidi, lakini ukimwachia malishoni ndigana kali, homa inayoletwa na kupe, itamuua, na palipo na mbung'o atapata nagana, ugonjwa wa malale wa mifugo. Ndiyo sababu kufuga bandani kulipokewa vizuri. Mradi wa kitaifa wa maziwa ulioanza mwaka 1980 kwa msaada wa Uholanzi ulieneza wazo hilo: mfungie ng'ombe, mkatie majani, mletee maji, na kupe atampata kwa shida. Huku kwetu watafiti wa kilimo wa Mtwapa waliliendeleza. Mama mwenye eka moja na ng'ombe wawili anaweza kupata karo ya watoto bila kuuza shamba, na hilo si jambo dogo mahali ambapo dalali wa ardhi anabisha hodi kila Jumamosi.

Halafu kuna gharama. Jiwe la kuchonga la machimboni linalipiwa, na lori la kulileta linalipiwa. La gofuni lipo tu. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali kuwa turathi ya taifa, na kweli magofu makubwa yanatunzwa: Jumba la Mtwana lina ua, mlinzi na tikiti, Mnarani vilevile, Gedi imelindwa tangu mwaka 1927 na mwaka 2024 ikaingia katika orodha ya UNESCO. Ukuta wa urefu wa gari ulio nyuma ya jiko la mtu haukupata kibao wala senti. Kumwambia mwenye shamba aulinde bure, kwa ajili ya taifa zima, ni kumtwika mzigo wa watu. Hapo niko naye.

Lakini upande wa pili una hoja nzito kuliko ile ya uzuri na utalii, nayo ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda huu wa pwani wajitokeze waandikishwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi, na Waswahili wa vijiji vidogo, wakabaki kwenye ardhi ya mababu bila karatasi. Tangu hapo mtu asiye na hati anapoulizwa ushahidi wake, huonyesha minazi, mikwaju, makaburi, kisima na ukuta. Anayepakia mawe ya ukuta huo kwenye mkokoteni anapunguza mashahidi, na mara nyingi ni mashahidi wake mwenyewe.

Mara nyingine si wake, na hili halisemwi hadharani. Ukuta unaweza kuthibitisha kwamba babu wa mtu mwingine ndiye aliyekuwa hapa, na ukoo wake ukarudi siku moja na wakili. Kwa hiyo wako wanaouvunja makusudi, na ng'ombe ni kisingizio tu.

Sasa kuna suluhu ambayo imeanza kuzoeleka, na inasifiwa kuwa ya busara: usivunje ukuta, utumie kuwa mgongo wa banda. Unaegemeza mabati juu yake, unapigilia mbao, na umeokoa gharama ya upande mzima. Mimi naiona ndiyo mbaya kuliko zote, kwa ng'ombe na kwa ukuta.

Chukua ng'ombe kwanza. Friesian, mmoja wa hao wa gredi, ana asili ya nchi za baridi. Joto likipita nyuzi 25 hivi, na hewa yetu ikiwa na unyevu mwingi, huanza kuhema, kula kunapungua, na maziwa yanafuata. Mombasa kati ya Januari na Machi mchana hupita nyuzi 30. (Hata shamba moja kubwa la Kilifi lilichanganya mbegu ya Sahiwal ya nchi za joto na Ayrshire ya nchi za baridi kwa miaka mingi ili lipate mnyama anayestahimili.) Kinachomwokoa ng'ombe wa bandani ni kivuli na upepo. Banda linalofaa hulazwa kutoka mashariki hadi magharibi, paa likiwa juu na pande zake ndefu zikiwa wazi, kaskazi ipite na kusi ipite. Ukiziba upande mmoja mrefu kwa ukuta mnene wa mawe, unalifanya tanuri.

Kisha utazame ukuta wenyewe. Baada ya msimu mmoja wa mkojo na samadi, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa goti utaona unga mweupe umetoka juu ya lipu. Ukiukwangua kwa ukucha, chokaa inaanguka vipande vipande. Shubiri mbili juu yake, ukuta huohuo ni mzima. Ile ni chumvi inayotokana na samadi: inapanda na maji ndani ya mawe, ukuta unapokauka inaganda na kupasua chokaa kutoka ndani. Watu wengi hukimbilia kupiga saruji juu, na ndipo mambo yanapoharibika zaidi, kwa sababu saruji inafungia unyevu ambao chokaa ingeuacha utoke.

Na kisima. Mwamba wetu ni wa matumbawe, una matundu, na maji machafu hushuka haraka kuliko mwenye banda anavyodhani. Magofu mengi yana kisima kwa sababu wazee walijenga penye maji. Banda likiwekwa papo hapo, samadi inarudi kwenye ndoo, na ng'ombe wa maziwa anakunywa maji mengi kila siku. Waliojifunza kutoamini maji ya visima vya Kisauni kwa sababu ya vyoo vya shimo hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo mwenye eka mbili aweke banda lake mbali na gofu, kwa faida yake mwenyewe. Mgumu ni yule mwenye robo eka na ukuta umepita katikati. Huyo singemnyima ng'ombe. Ningemtaka aache upenyo wa kupitisha toroli kati ya banda na ukuta, sakafu iinamie upande wa pili, shimo la samadi likae mbali na kisima, na asiguse jiwe hata moja kabla ya kuupiga picha ukuta wote mbele ya wazee wa kijiji. Gharama ya saruji ya ziada na mfereji ni ndogo kwa kaunti, kubwa kwake. Nayo kaunti tayari ina maofisa wa mifugo wanaoingia mashambani humo. Waambiwe wakifika wakague na ukuta.