Hodi Gani Hii Isiyongoja Karibu?

Ngo-ngo-ngo, kadi imeshapita kwenye kitasa, mlango wazi! Mgeni wa hoteli ana taulo tu, mtu wa usafi kasimama na ndoo. Kile kibao cha “Usisumbue” mlangoni ni pambo? Utaratibu unajulikana: gonga kwa vidole, jitaje, subiri sekunde kama 10, rudia, ndipo ufungue kidogo huku ukijitaja tena. Nusu dakika! Lakini msimamizi anataka vyumba 14 viishe kabla ya saa nane mchana, nani atasubiri? Lawama kubwa ni ya huyo msimamizi. Wasafiri wenzangu, zungusheni komeo la ndani. Kwenye vitasa vingi vya kadi, kadi ya kawaida ya usafi haipiti hapo. Yaani tulipie chumba, halafu tukilinde kama mzigo stendi?